Kutu Kwenye Bawa la Ndege

Taxibus yetu ilitoka uwanja wa ndege wa Bunia imejaa watu waliokosa safari: fundi mkaguzi alikuta kutu imekula bawa la ndege ya Kisangani.

“Leo wanazika baba yangu, na miye niko hapa,” mama mmoja alilia. “Wangeikagua jana!”

“Pole sana, mama,” alisema mzee jirani yake, aliyempakata mjukuu mchanga. “Lakini miye namushukuru ule fundi. Siye wote tulikuwa tumeshafunga mikaba ya viti mule ndani ya ndege.”

Dereva alipunguza redio, bila shaka kwa heshima.

Mama alimtazama mtoto, akamfunika miguu kwa kitambaa chake. “Hata miye namushukuru. Lakini baba atazikwa bila miye.”

Taxibus ikasimama sokoni. Mama aliteremka, akageuka. “Ule fundi, jina yake nani? Nitamuombea pamoja na baba.”

Mzee hakulijua.