Zana Alizopewa Hamisa Pazi kwa Siku Mbili

Mgeni rasmi, viongozi mlioketi jukwaani, wazazi na majirani zetu,

Karibu Mkoleni. Makofi tuliyokupigia yalitoka moyoni, maana hatukujui na hujatukosea. Ila risala iliyoletwa juzi na maofisa wa Mradi wa Mikono Kazini, ikiwa imeshachapwa, hatutaisoma. Hii tumeiandika wenyewe. Utuvumilie, tuna hasira.

TULIKOTOKA

Kikundi hiki kilianzia kibarazani kwa Hamisa Pazi, yule mama mwenye khanga ya kijani, mstari wa nyuma. Miaka sita iliyopita mbuzi yake ya kukunia nazi ilivunjika katikati ya Ramadhani. Badala ya kununua nyingine akaamua kuiunda. Alikuwa na msumeno, randa na patasi za marehemu mumewe, na gogo la mkorosho kutoka shamba la baba yake kule Masaki. Mbuzi ya kwanza iliyumba, wifi yake akaanguka nayo. Ya pili ikasimama, na mpaka leo inakuna nazi.

Akapigilia mbao juu ya visiki viwili, ikawa meza ya kazi. Majirani tukaanza kusogea, wengine tukitokea mpaka upande wa Kibaha. Hakumfukuza mtu. Alitufundisha kupima kabla ya kukata, na kupiga msasa kwa kufuata nyuzi za mti. Uliyekuja na kipande cha mbao uliondoka na kigoda.

TULIYOYAFANYA

Leo nyumba kumi na nane zina karakana, hata kama ni kona ya jiko. Tunaunda vigoda, miiko, vibao vya kukatia mboga na rafu za vyombo. Watoto wa chekechea hapa wanakalia kazi ya mikono yetu.

YALIYOTUKUTA

Mwaka jana mwezi wa tatu mradi ulileta mgeni rasmi mwingine. Hamisa akaitwa mbele, akakabidhiwa sanduku la zana mpya, akapigwa picha. Alilia mbele ya watu, na si mtu wa kulia. Jioni hiyohiyo alichukua zana zake za zamani, akampelekea jirani yake Stellamaris, aliyekuwa akiazima kila siku.

"Sasa na wewe anza kwako," alimwambia.

Siku ya pili gari la mradi likarudi. Ofisa akaingia mpaka kibarazani.

"Mama, tumefuata sanduku."

"Sanduku lipi? Nimeshaanza kulifanyia kazi."

"Lilikuwa la uzinduzi. Linakwenda kijiji kingine. Lako litakuja."

Hamisa aliifuta randa vumbi la mbao, akairudisha sandukuni, akalibeba mwenyewe hadi garini. Masanduku ya wenzake wanne waliokabidhiwa siku ile nayo yakakusanywa. Lake halikuja. Tulikwenda ofisini kwao mara tatu. Mara ya tatu mlinzi alituambia tusirudi.

Stellamaris alimrudishia zana za zamani siku hiyohiyo. Hamisa akakataa kuzipokea.

"Nilichokupa nimekupa. Nikikichukua nitakuwa kama wao."

Akaendelea kwa panga na kisu cha jikoni. Mwezi wa sita kisu kikateleza alipokuwa akichonga mwiko, kikakata mshipa wa kidole gumba cha kushoto. Kidole kimepona, lakini hakikunjiki. Tunaogombana naye ili akubali kuazima zana zetu ni sisi aliotufundisha.

Mgeni rasmi, leo asubuhi masanduku yaliposhushwa, Hamisa alisogea akafunua moja. Kwenye mpini wa randa akakuta gundi yake ya mwaka jana imegandia, na alama ya kidole chake ndani ya gundi. Ofisa akamwambia, "Mama, usiguse mpaka mgeni afike." Alifunika, akarudi kukaa. Tunasema sisi.

Tumeona picha za masanduku kama hayo yakikabidhiwa katika vijiji vya Gwata na Vihingo. Tunaomba ukaulize kama huko yalilala hata usiku mmoja.

OMBI LETU

Utakapomaliza kusikiliza, mshereheshaji ataita majina yetu tuje kupokea masanduku. Hakuna atakayesimama. Usituone watovu wa adabu. Tumekubaliana hivyo jana, wote, na wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Stellamaris.

Kama zana hizi ni zetu kweli, shika sanduku moja, toka nalo hapa kwa miguu. Nyumba ya Hamisa iko nyuma ya kisima, ina mlango wa bati la bluu. Uliweke juu ya meza yake ya kazi. Mpiga picha abaki hapa. Kisha gari liondoke tupu, nasi tukiliona likiondoka.

Kama si zetu, tuambie sasa, hadharani, twende tukafanye kazi.

Mungu akujalie afya, akupe na miguu ya kufika kwa Hamisa mbele ya macho ya hao waliokuleta.

Ni sisi,
Mafundi wa Vibarazani, Mkoleni.

Imesomwa na Eugenia Telesphory, katibu.