Mama Laurentine Kisimba, Mwalimu Aliyefundisha Watu Kusema

Ndugu, jamaa na marafiki, kabla kaburi halijafunikwa, familia za Kisimba na Kalumba zinawasomea maisha ya mama yao Laurentine Kisimba, na zinaomba yasikilizwe yote, matamu na machungu, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda marehemu apakwe sukari.

Mama Laurentine alizaliwa Kabalo tarehe 11 Februari 1959, akaletwa Kapata, hapa Kolwezi, akiwa bado anabebwa mgongoni, baba yake alipopata kazi kwenye karakana za mgodi, na huko alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha akapata diploma ya ualimu mwaka 1978. Waliosoma naye wanakumbuka kwamba kila alipoitwa mbele kukariri, aliomba ruhusa ya kwenda chooni.

Oktoba 1978 alianza kufundisha hapo hapo Kapata, na miaka ile ya kwanza, tuseme ukweli, alikuwa anaongea na ubao, watoto wanasinzia, na siku moja hata mkaguzi alisinzia. Aibu hiyo ndiyo iliyompeleka sokoni kila Jumamosi, kumsikiliza muuza dawa ya panya aliyewashika watu juani mpaka wakasahau chumvi waliyotumwa, akagundua kwamba bwana yule haanzi na dawa, anaanza kwa kunyamaza, halafu anamchagua mama mmoja na kumwuliza panya wa kwake wanakula nini. Hivyo ndivyo alivyojifunza kusema, na alipostaafu mwaka 2014 hapakuwa na harusi wala kilio Kapata ambapo hakuombwa neno.

Tarehe 30 Agosti 1980 alifunga ndoa na Tata Baudouin Kalumba, fundi umeme, kwenye parokia ya Kapata, wakajaliwa watoto watatu, Louis, Abigaëlle na Dodo, wakajenga kwenye mtaa mdogo nyuma ya kitongoji cha Kasulo, mtaa ambao leo haupo tena. Tata Baudouin alitangulia mwaka 2012. Tarehe 6 Juni 2015 Dodo, kitinda mimba wao, alishuka kwenye shimo alilochimba kiwanjani kwao kutafuta kobalti, kama majirani wote walivyokuwa wanafanya, udongo ukamfunika, na hakuna aliyeweza kumtoa. Mama alisimamisha msalaba wa saruji mahali pale, akawa anapafagia kila asubuhi.

Mwaka 2018 alimpokea nyumbani Gracien, mtoto wa mdogo wake Agnès wa Fungurume, kijana mwenye diploma nzuri na sauti iliyoishia ndani ya kola, ambaye kila alipokwenda kuomba kazi ya kusema na watu alikuwa anarudi kichwa chini. Mama alimfundisha jioni, kando ya msalaba ule. Alimwambia aache karatasi, anyamaze mpaka watoto wachanga wanyamaze, amchague mtu mmoja na kusema naye, na asiseme kamwe kwamba wengi wameteseka, bali amtaje mmoja kwa jina na alichokula asubuhi ile. Na ili kijana aelewe, alimpa mfano ambao hakuwa amempa mtu mwingine, wa Dodo aliyeacha nusu ya bukari, ugali wake wa asubuhi, siku ile, akaomba sahani isioshwe kwa kuwa anarudi.

Mwaka 2021 kampuni ya mgodi ilipotaka mtaa wetu ili ichimbe kobalti, majirani walimchagua Mama Laurentine awasemee, na sharti lake lilikuwa moja, Dodo atolewe kwanza, azikwe na padri, ndipo yeye ahame. Tarehe 17 Julai, kwenye uwanja wa kanisa, alisema hivyo na watu wote wakawa upande wake. Ndipo kampuni ikamsimamisha mtu wake wa kusema, akatoka Gracien na shati jipya la kazi, ajira ambayo alikuwa ameificha humo humo nyumbani. Aliweka karatasi chini. Alinyamaza. Alimchagua mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mama mkubwa wake. Alisimulia bukari, alisimulia sahani, kisha akasema:

"Mama mukubwa, Dodo ni ndugu yangu. Mutoke tu, mi mwenyewe nitamutoa mu shimo."

Uwanja mzima ulilia, na Mama Laurentine, aliyeijua kila hatua ya njia ile kwa kuwa aliikata mwenyewe, alilia kuliko wote, akawa wa kwanza kutia sahihi karatasi ya kuhama, na wengine wakamfuata. Mashine zilikuja Agosti. Dodo hakutolewa, udongo ulipakiwa kwenye malori pamoja naye, na simu ya Gracien haikupatikana tena.

Tangu siku hiyo mama hakusimama tena mbele ya watu, waliomwita harusini aliwajibu kwamba mdomo umechoka. Januari 2024 alipata kiharusi, na tarehe 9 Mei 2025, saa kumi alasiri, alifariki hospitalini hapa Kolwezi, akiwa na miaka sitini na sita, ameacha watoto wawili na wajukuu saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake wa Kapata, wanakwaya, na majirani wa mtaa mpya walioleta viti, turubai na unga. Inamshukuru pia Gracien, aliyelipia jeneza na basi, ambaye amekaa hapa kati yetu na ameomba kusema neno la mwisho kwa niaba ya watoto. Jibu si letu, marehemu alilitoa mapema na kumwachia Abigaëlle, naye ametuomba tulisome kama lilivyo:

"Gracien asiseme ku kilio yangu. Akisema, bantu batamuamini, na mi sitakuwa pale ya kubakataza."

Kwa hiyo kipaza sauti kinakwenda kwa padri. Mama Laurentine, pumzika sasa kwa amani.