Pini Isiyovunjika

Benchi letu liko nje ya kibanda cha mhunzi, pale shamba linapoanza kuteremkia bonde, upande wa Keringet. Ni ubao wa lori uliowekwa juu ya mapipa mawili, na mwisho wake wa kushoto hakai mtu. Hapo palikuwa pa Kang'ethe, dereva wa kwanza, mpaka gurudumu la trela lilipong'oka, ikasemwa alililegeza makusudi. Alipakiwa kwenye lori la polisi na hatujamsikia tena. Hizi ni siku za Hali ya Hatari. Chuma kikivunjika, anatafutwa mtu. Mhunzi ni Ogola, tunamwita Moto. Yeye hutuchemshia kahawa kwenye kopo la rangi, machicha ya jikoni kwa bwana, ambayo wazungu wameshayanywa mara moja. Kosgei, mlinzi wa ghala, ni Redio, kwa kuwa hazimiki. Khisa, dereva wa sasa, ni Breki, kwa kuwa trekta yake haina. Mimi ni Micah wa maziwa. Husoma sala siku ya Jumapili, ingawa darasa la tatu sikulimaliza na majina ya manabii huyaruka, Mungu anisamehe. Wao huniita Amina.

Jioni ile jua lilikuwa bado kidogo kuzama, na kengele ya kafyu haijalia.

— Imeingia? Khisa akauliza.

— Imeingia na imelala, Moto akajibu. Jino la haro lile, la kuvunjia madongo. Nimelipitisha kwenye tundu likiwa jekundu, nikaliponda vichwa huku na huku. Hata shetani akilivuta halitoki.

— Usimtaje huyo, nikasema.

— Samahani, Amina. Hata malaika, basi.

Walikuwa wakisema juu ya mashine ya kuchimbua viazi. Trekta huizungusha kwa shafti ndefu ya chuma inayotoka mgongoni mwake, na pale shafti inaposhikana na mashine pana pini moja, nene kama kidole cha mwisho. Tangu tuingie shamba la juu, lenye mawe, pini hiyo ilikuwa ikikatika kila mara. Asubuhi bwana alisimama mbele yetu sote, akasema ikikatika tena ataita ofisa wa polisi kutoka Molo, aje aulize ni mkono wa nani. Alipokuwa akisema alimtazama Khisa.

— Dawa ya moto ni moto, Kosgei akasema. Na dawa ya chuma ni chuma. Wazee waliona hii trekta kabla haijazaliwa.

— Wewe Redio, unajua kwa nini zilikuwa zinakatika? Moto akauliza.

— Najua sana. Mawe ya huku yanakua. Mvua ikinyesha nayo yanakunywa. Jiwe la mwaka jana lilikuwa kama yai, mwaka huu ni kama kichwa cha Moto.

— Kichwa cha mama yako!

— Basi kama si mawe, ni watu wa msitu. Wanashuka na tupa, wanakwangua pini kidogo kidogo, wanarudi.

— Na wewe mlinzi unakuwa wapi?

— Mimi nalinda ghala. Pini si ghala.

Tulicheka, lakini chini chini, na kila mmoja akatazama mstari wa miti. Neno msitu halisemwi kwa sauti mwaka huu.

— Si watu, Moto akasema. Ni chuma chenyewe. Hiyo mashine ilikuja baada ya vita. Unafikiri walichukua wapi chuma? Waliyeyusha mizinga. Sasa chuma kilichozoea kuua watu utakiambia chimba viazi? Kina hasira. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Kikulacho ki nguoni mwako, Kosgei akadakia. Ndiyo maana mimi hulala bila shati.

— Hiyo inaingia wapi?

— Inaingia hivi. Kosgei akainama, nasi tukainama. Bwana mwenyewe ndiye anaikata. Anataka kutufukuza bila maneno. Anakata pini, anaita polisi, polisi wanaita lori.

Moto alilimwagia maji jivu ambalo lilikuwa limeshazimika. Macho yangu yalikwenda penyewe mwisho wa kushoto wa benchi.

— Hiyo maneno iache, Redio, Khisa akasema. Nakuomba, ndugu yangu. Nilitaka pini isikatike tu. Moto ameitengeneza, Amina ameiombea. Kesho bwana akija atakuta mashine inazunguka. Mimi nitakuwa kwenye kiti changu.

Ni kweli niliiombea. Moto alipoitoa kwenye makaa, Khisa alivua kofia, akaniambia, mzee, tamka neno. Mkono nikauinua, nikasema: Bwana, chuma hiki kisivunjike. Sikuuliza kinafanya kazi gani. Nilifurahi kuombwa, na furaha hiyo haikuwa safi; nilijiona mtu mkubwa.

Ndipo akaja Nasimiyu, mkewe Khisa, na debe la maji kichwani. Yeye ndiye kiongozi wa akina mama wanaookota viazi, na ndiye anayetembea ubavuni mwa mashine, karibu na shafti, kutoa majani yanaponasa. Hakujua habari za benchi. Alilitua debe pale mwisho wa kushoto, mahali pa Kang'ethe, nasi tukashtuka wote pamoja.

— Baba Nekesa, kengele inakaribia. Twende nyumbani.

— Furahi, shemeji! Moto akasema. Mumeo amepona. Pini imepatikana ambayo haivunjiki hata kidogo.

— Haivunjiki?

— Hata kidogo!

Akapangusa maji usoni.

— Na jiwe likiingia?

— Haivunjiki, nimekuambia.

— Nimesikia. Zamani jiwe likiingia, pini inakatika, mashine inasimama, nami naingiza mkono nalitoa jiwe. Kesho jiwe litaingia, maana yamejaa. Pini haivunjiki. Trekta haina breki. Sasa ni nini kitavunjika?

Tulimtazama Moto. Moto alimtazama Kosgei, ambaye siku zote ana neno. Kosgei akaitazama mashine. Mimi nilitazama mikono ya Nasimiyu, jinsi ilivyokuwa imeshika ukingo wa debe, yote miwili mizima.

Khisa aliweka kikombe chini, akachukua nyundo ya Moto, akaenda kwenye mashine, nyuma ya kibanda. Tukamsikia akigonga. Akagonga upande huu, akazunguka, akagonga upande ule. Akarudi jasho likimtiririka.

— Haitoki.

— Ulisema isitoke, Moto akasema polepole.

— Ikate kwa tupa!

— Jino la haro? Mpaka asubuhi. Na hiyo kafyu? Na asubuhi wakikuta imekatwa kwa tupa, watasema ni nani?

Khisa aliketi, si mahali pake, bali mwisho wa kushoto, karibu na debe. Sijui kama alijua alipoketi. Moto aliliinamisha kopo juu ya kikombe chake. Likatoka tope tu.

— Amina, Nasimiyu akasema. Ni wewe uliyeiombea?

— Ni mimi, dada.

— Basi omba tena.

Walivua kofia. Nikafumba macho, nikatafuta neno. Ikivunjika, Khisa anapanda lori. Isipovunjika, huyu mama atakuwa ubavuni mwake jiwe litakapoingia. Nilisema, Bwana. Nikasema tena, Bwana. Walikuwa wakingoja, na kengele ya kafyu ikaanza kulia, nami sijasema neno la tatu.