Chanjo ya Kasongo

MOUSTAPHA: Haloo? Hapa lopitalo ya Kasongo. Nani huko?

ASANI: Miye.

MOUSTAPHA: Miye nani? Kila mutu ni miye.

ASANI: Asani! Karani wa biro ya Kabambare. Bwana ya dada yako. Sauti yangu umesahau?

MOUSTAPHA: Shemeji! Waya unakwaruza, nitajua sauti namna gani? Habari za kwenu? Mwanvua iko muzima?

ASANI: Tuko. Sikia, hii ni simu ya Bwana, mukubwa wangu wa kazi, ametoka kunywa kahawa. Nitakuuliza neno moja, na usinizungushe. Muke wangu mulimufanya nini?

MOUSTAPHA: Eh! Siye?

ASANI: Alikuja huko kwa matanga ya mama yenu. Aliondoka hapa na kifua safi. Sasa iko na kovu katikati ya—

MOUSTAPHA: Kovu? Nani amemuchoma?

ASANI: Hakuna aliyemuchoma!

MOUSTAPHA: Ulimupiga na nini, Asani? Mukaba wa suruali?

ASANI: Astaghafiru! Sijamugusa hata na kofi.

MOUSTAPHA: Wanaume wanaoleta wake zao hapa, wote wanasema vile vile.

ASANI: Nimesema kovu, sikusema kidonda! Kidonda hakikuwapo hata siku moja. Kovu lilianza kama haragwe, leo ni kama kidole changu, na linatoa vikono huku na huku. Shangazi yangu anasema ni dawa. Mulimupeleka kwa mufumu, muganga wa uchawi, amuchanje, miye nikuwe mujinga mu nyumba yangu, nisiulize anakwenda wapi.

MOUSTAPHA: Huyo shangazi yako—

ASANI: Wacha nimalize! Alimuuliza mbele yangu: "Ulichanjwa?" Unajua alijibu nini? "Ndiyo, Kasongo. Yaya Moustapha, kaka yangu, ndiye alinishika." Ulimushika!

MOUSTAPHA: (Anacheka.) Ya Rabi! Ndui!

ASANI: Unanicheka?

MOUSTAPHA: Chanjo ya ndui, shemeji! Ya serikali! Masere, yule mutawa wa misioni, alishika sindano, na Mwanvua anaogopa sindano tangu utoto, nikamushika mukono. Mukono, si kifua! Alama iko kwa bega la kushoto, kama kifungo cha shati. Hujaiona?

ASANI: Nimeiona.

MOUSTAPHA: Basi.

ASANI: Basi nini? Na hii ya kifua?

MOUSTAPHA: Inamuwasha?

ASANI: Anajikuna mpaka anatoa machozi.

MOUSTAPHA: Ukipitisha unyoya juu yake, anasikia?

ASANI: Hata nguo ikigusa anaruka.

MOUSTAPHA: Basi si ukoma. Ni ngumu, inang'aa, haioti nywele—

ASANI: Nani amekuambia? Ulimuona kifua?

MOUSTAPHA: Wewe, punguza wivu! Niko nayo miye mwenyewe, nyuma ya bega. Sikuumia, sikuungua, ilitoka tu. Na mama alikuwa nayo pale pale kifuani, siye wote tuliomunyonya tunaijua. Dokotere wa hapa alinipima, akasema ni keloidi. Ngozi ya watu wengine inajishona hata pasipopasuka, na inatembea kwa jamaa.

ASANI: Weye ni ndugu yake. Lazima umutetee.

MOUSTAPHA: Njoo nikuvulie shati! Mbele ya shangazi yako pia, atie kidole!

ASANI: Aliniapia kwa Korani, Moustapha. Nikamwambia afunge kinywa.

MOUSTAPHA: Mwombe radhi. Na hiyo kitu musiiguse. Haikatwi, unanisikia? Ukiikata inarudi mara mbili, inakula kifua chote.

(Waya unakwaruza.)

MOUSTAPHA: Asani? Uko?

ASANI: Shangazi alikwenda kijiji cha Wamaza kuita mutu wa wembe. Kutoa dawa. Nilikubali.

MOUSTAPHA: Anakuja lini?

ASANI: Wamefika leo asubuhi. Miye nikaja kazini, sababu sikutaka kuona.

MOUSTAPHA: Kimbia!

ASANI: Bwana hajanipa ruhusa, nikitoka atani—

MOUSTAPHA: Achana na Bwana! Kimbia nyumbani!

ASANI: Ngoja... Shangazi huyu hapa, kwa baraza. Anacheka. Iko na jani la ndizi mukononi, limefungwa.

MOUSTAPHA: Asani.

ASANI: Anasema imetoka na mizizi yake yote.

MOUSTAPHA: Muulize damu! Damu imesimama?

ASANI: (Mbali na simu.) Shangazi, damu? ... (Karibu.) Anasema bado kidogo. Anasema Mwanvua hakulia. Aliuliza tu kama ni miye niliwatuma.

MOUSTAPHA: Na wakamujibu nini?

ASANI: Ndiyo. Walimujibu ndiyo. Shemeji, nitamwambia nini?

MOUSTAPHA: Usimwambie kitu. Mufunge kifua na kitambaa safi, ukandamize, umubebe mpaka kwa kamiyo, lori la kuja Kasongo. Nitamungoja hapa. Weka simu, Asani. Weka simu, toka!