Zamu ya Kubeba: Maisha ya Théophile Sebahire wa Mushaki, 1911–1957

Franka sitini zilizowekwa asubuhi hii juu ya meza ya kilio, kumi kumi za watu sita, familia haikuzipokea na haitazipokea, hata kama Papa Édouard amesimama mbele ya wafiwa akasema, «Kanuni iko wazi, asiyefika analipa, sisi tumelipa, deni limekwisha», naye akajibiwa kwamba azirudishe mufukoni, maana meza hii imewekwa kwa kusomea maisha ya marehemu, haikuwekwa kuwa duka, na mwenye kutaka kujua kasirani ya familia inatoka wapi, akae chini asikilize, yote yatasemwa wazi, kwa namna marehemu mwenyewe alivyopenda mambo yasemwe.

Marehemu Théophile Sebahire alizaliwa mwaka 1911, wakati wa mavuno ya maharagi, huko juu kwenye kilima kinachotazama Mushaki, mutoto wa kwanza wa marehemu Papa Evode na Mama Françoise, akafuatwa na dada yake Valérie, na kiisha na Damascène, huyu anayewasomea. Alibatizwa tarehe 8 mwezi wa kumi na mbili 1922, akasoma miaka miwili kwa katekista, akajua kusoma, kuandika na kujumlisha, hakupita pale, na hakuona haya kusema kwamba hakupita pale.

Mwaka 1929, akiwa kijana wa miaka kumi na minane, mujumbe wa chifu alimukamata kwa kazi ya kipoyi, ni kusema kile kiti cha miti miwili kinachobebwa mabegani, akawabeba wakubwa wa serkali katika njia ya Masisi mpaka Walikale, miaka na miaka, na huko majina yaliitwa alfajiri, asiyeitika alifuatwa kwake na kamba. Aliyekuwa na homa aliitika, aliyekuwa na kidonda muguuni aliitika, na marehemu alizoea kutuambia, bila kucheka, «Nilibeba watu wazima, wameshiba, wamevaa viatu, wenye miguu mizuri kuliko yangu.»

Kuanzia mwezi wa tatu 1936 mpaka mwezi wa tisa 1943 alifanya kazi kwenye madini upande wa Walikale, akapewa kazi ya kuita majina ya wafanyakazi asubuhi, sababu alijua kusoma na sauti yake ilifika mbali, na ukosefu wa siku moja ulikata mushahara na posho pamoja. Kule aliona jambo lililomukaa rohoni, muntu mumoja ambaye mutoto wake alikufa usiku alikuja akasimama katika musitari, akaitika jina lake, akapimiwa unga wake, akaufunga vizuri, ndipo akaanza kulia. Marehemu aliomba kuacha kazi mwezi uleule, wakubwa wakamuuliza kama mushahara ni kidogo, akasema hapana, mushahara unatosha, akarudi Mushaki kwa miguu.

Tarehe 17 mwezi wa sita 1944 alifunga ndoa na Mama Adelaïde Mukamurenzi, huyu munayemuona hapa, Mungu akawapa watoto watatu, Constance aliyezaliwa 1945, Damien 1948, na Valérie mudogo 1952, aliyepewa jina la shangazi yake.

Shangazi huyo njo mwanzo wa kazi ambayo ninyi wote munamujulia marehemu. Tarehe 19 mwezi wa pili 1946 dada yetu Valérie alishikwa na uchungu wa kuzaa, mutoto akakataa kutoka, ikatakiwa ashushwe mpaka dispanseri ya barabarani, marehemu akazunguka nyumba kwa nyumba kuomba wabebaji, huyu akasema ametoka kulima, yule akasema huyo si ndugu yake, na alipopata wanne dada alikuwa amekwisha kufa na mutoto wake tumboni. Marehemu hakugombana na muntu siku ile. Alizika, akamaliza siku za kilio, kiisha akaita wanaume wa kilima chote, akawaambia, «Nimebeba wenye afya miaka saba sababu ya kamba, sasa tubebe wagonjwa bila kamba», na nyumba ishirini na nne zikakubali, kikundi cha kipoyi kikazaliwa, pembe ikipigwa watu wa zamu wanafika, mara moja, hata kama muji wa mugonjwa na wako hamusalimiane.

Na asiyefika, kanuni ya kwanza ilikuwa hii, anakuja mbele ya wenzake anaeleza sababu akiwa amesimama, na safari inayofuata anabeba zamu mbili, kiisha hakuna anayemusema tena. Marehemu hakuwa mwepesi. Baba mukwe wake mwenyewe alikosa mara moja kwa ajili ya pombe ya ndizi, akasimamishwa mbele ya watu akaeleza pombe yake, Mama Adelaïde akakasirika wiki nzima. Papa Védaste, aliye hapa na atanisamehe, siku moja alisema muguu unamuuma hawezi kubeba, marehemu akamujibu, «Pole sana kaka, mugonjwa anatangulia, panda kwanza wewe, yule mwenye homa atangojea», wakamuweka Védaste kwenye kipoyi kweli, wakashuka naye, na kabla ya muteremuko wa kwanza kumalizika aliruka chini akashika muti, na tangu siku ile muguu haujamuuma tena. Watu walicheka, lakini walifika. Kwa miaka saba hakuna mugonjwa wa kilima hiki aliyekosa mabega.

Hapa familia inasema na kosa la marehemu, maana historia inayoficha nusu ni uongo. Mwezi wa ine 1953, kiisha Pasaka, vijana wengi walikuwa wamekwisha kuandikwa kazi kwenye mashamba makubwa ya pareto, na Papa Édouard aliyekuwa kapita, musimamizi wa wafanyakazi wa huko, alisimama mukutanoni akasema, «Papa Sebahire, nikiacha kazi ya muzungu siku inakatwa, nikiacha yako ninasimamishwa kama mutoto wa shule, afazali asiyefika alipe lamande, faini ya franka kumi, kikundi kinunue blanketi.» Wengi wakapiga mikono. Mama Adelaïde akasema toka mulangoni kwamba blanketi haina mabega, wakamwambia mukutano ni wa wanaume. Marehemu alifikiri, akaona neno la kapita ni la haki, mwenye kukatwa siku anapata hasara kweli, akakubali, na kanuni ya kusimama mbele ya watu ikafutwa.

Mwaka wa kwanza kikundi kilinunua blanketi mbili, taa na turubali mupya, kila muntu akafurahi. Mwaka wa pili wale waliokosa kwa haya walianza kukosa bila haya, kwa sababu aliyelipa hakuwa na kosa tena, alikuwa muteja. Mwaka wa tatu walilipa hata wasiofanya kazi kwa muzungu, ukimuuliza alikuwa wapi anakujibu, «Nimekwisha kulipa, unauliza nini», na kuna mumoja aliyeleta franka thelathini mwanzo wa mwezi akasema, «Za mwezi muzima, musinipigie pembe.» Marehemu aliona, akaomba mara mbili kanuni ya zamani irudi, mara mbili mukutano ukakataa, na mara ya pili Papa Édouard akamwambia, «Unatamani kamba ya zamani wewe», neno ambalo lilimufanya asiombe tena, ninyi munajua kwa nini.

Tarehe 13 mwezi wa munane 1957, siku ya pili ya juma, alfajiri, tumbo la marehemu lilifunga, likawa gumu kama ubao, akatapika mpaka akaishiwa, na pembe ikapigwa. Walifika watu watatu, mimi Damascène mudogo wake, Papa Védaste na katekista. Pembe ikapigwa tena. Ndipo alifika Mama Pétronille, bibi wa Papa Édouard, amefunga franka sitini kwenye pembe ya kitambaa, akasema, «Wa zamu wamenituma, wote sita, wanasema hii ni ya leo», na alipochungulia ndani akaona mugonjwa ni nani, aliduwaa, hakujua, hakuna aliyemwambia, kumbe waume walisikia pembe, hawakuuliza hata ni nani anayekufa, walihesabu tu. Alitupa kitambaa chini pamoja na franka zake, njo hizi zilizorudi leo mezani, akashika muti wa nyuma. Mwanamuke, kwenye kipoyi, katika kilima hiki, haikupata kuonekana.

Tulishuka hivyo, pole pole, wanne bila wa kubadilishana, tukimuweka chini kila mara. Marehemu akauliza, «Nyuma iko nani?», tukamwambia, akasema tumuteremushe, mama wa watu asivunjike mugongo kwa ajili yake, Mama Pétronille akamujibu, «Nyamaza Papa, leo hauna neno», na hilo njo neno la mwisho aliloambiwa. Tulipofika dispanseri enfirmie Léopold, muuguzi wa pale, alimupima, akatoka nje akatuuliza tulichelewa wapi, gari la kupeleka wagonjwa hospitalini lilikuwa pale, limeondoka sasa hivi, vumbi lake bado liko barabarani. Tuliliona lile vumbi. Marehemu alikata roho saa saba ya mchana, akiwa na miaka arobaini na sita, katika blanketi ya kikundi, na mpaka leo, siku ya tatu tangu afe, familia haijafunga midomo kwa kushangaa.

Familia inamushukuru enfirmie Léopold aliyefanya kila kilichokuwa katika uwezo wake, katekista wetu, Papa Védaste na bega lake, majirani walioleta kuni na maharagi ya kilio, wenzake wa zamani wa madini waliotembea toka Kalembe, na Mama Pétronille, ambaye hatuna namna ya kumushukuru, na tunaomba asisumbuliwe nyumbani kwake kwa jambo hili.

Théophile, mutoto wa Evode, umetumika, sasa kaa katika raha ya Bwana, hakuna atakayeita jina lako alfajiri.

Kaburi limechimbwa kule juu alikozaliwa, njia ni ya kupanda mpaka mwisho, na kipoyi kiko hapa mbele yenu. Papa Édouard na wenzako watano, zamu yenu ya siku ya pili ya juma haijabebwa, muje mushike miti.