Wattie Imrie na Makocha Wote wa Auchterlean

Marehemu Walter George Imrie, ambaye hakuna aliyemwita Walter isipokuwa mama yake akiwa amekasirika, alizaliwa tarehe 9 Februari 1946 hapa hapa Auchterlean, katika chumba cha juu cha nyumba ya kona, nyuma ya kiwanda cha kitani. Alikuwa mtoto wa pili wa Bwana George Imrie, fundi wa mashine kiwandani, na Bibi Jean Lownie, aliyesokota nyuzi katika kiwanda hicho hicho. Dada yake mkubwa, Rhona, alitangulia mbele ya haki mwaka 2008. Wattie alizaliwa wakati wa theluji nzito, mkunga akachelewa, na baba yake alizoea kusema kwamba huyu mtoto alianza kusubiri kabla hajafungua macho.

Alisoma shule ya msingi ya Auchterlean kuanzia mwaka 1951, kisha sekondari ya mjini, akaacha masomo mwaka 1961 akiwa na miaka kumi na mitano kama walivyofanya wenzake wengi. Hesabu aliziweza. Ushairi ulimshinda, na hakuona haya kusema hivyo. Lakini somo lililomkaa maisha yake yote alilipata nje ya darasa, mwezi wa nane mwaka 1955, baba yake alipomshika mkono na kumpeleka uwanjani kwa mara ya kwanza. Siku hiyo Auchterlean Athletic ilikuwa na kocha mpya, Hector Strang, mtu mrefu mwenye koti la sufu. Mzee George akamwonyesha mwanawe kwa kidole, akamwambia, "Mwangalie vizuri yule. Yule ndiye." Timu ikafungwa mabao matano bila jibu. Wakirudi nyumbani kwa miguu, ni mtoto aliyemfariji mzee.

"Lakini baba, koti lake zuri."

Tangu siku hiyo klabu yetu imeajiri na kufukuza makocha kwa kasi ambayo hata viongozi wake wenyewe hawapendi kuulizwa, na Wattie aliwaamini wote. Mmoja alimwamini kwa sababu viatu vyake vilikuwa safi. Mwingine kwa sababu viatu vyake vilikuwa vichafu, maana yake ni mtu wa kazi. Mmoja alimwamini kwa kuwa alizungumza vizuri gazetini, na aliyemfuata akamwamini kwa kuwa hakusema kitu. Kwake kocha mgeni alikuwa kama mtoto mchanga, bado hajamkosea mtu yeyote. Kocha alipofukuzwa, Wattie aliomboleza Jumapili nzima. Jumatatu asubuhi aliingia karakana alikofanya kazi, wenzake wakaanza kumchokoza.

"Pole Wattie, tumesikia umefiwa tena."

"Nimefiwa, asanteni. Haya, nani ana habari za huyu anayekuja?"

Karakana hiyo ilikuwa ya Bwana Peter Guild, alikoanza kazi ya useremala kama mwanagenzi mwezi Agosti 1961. Alihitimu mwaka 1966, akawa msimamizi mwaka 1983, akastaafu tarehe 25 Februari 2011. Milango mingi mnayofungua na kufunga katika mji huu ilipita mikononi mwake, na madirisha ya kanisa hili pia. Kama ilivyo desturi ya maseremala wa miji yetu midogo, alitengeneza majeneza, akawasindikiza wafu wa wengine kwa heshima ile ile aliyompa mtu aliye hai. Hakupenda kazi ya kulipua. Kila upepo wa majira ya baridi ulipong'oa viti vya jukwaa la uwanja, alipanda na nyundo yake siku ya Jumapili baada ya ibada, akavirudisha bila kuombwa. Klabu ilipotaka kumshukuru kwa cheti, alisema hana mahali pa kukitundika.

Ukutani kwake kweli hapakuwa na nafasi, na sababu yake ni ndoa. Alifunga ndoa na Bi Euphemia Mollison, yaani Effie, siku ya Jumamosi, tarehe 3 Julai 1971. Walijuana kupitia kwa kaka yake Effie, Sandy Mollison, ambaye alikaa dawati moja na Wattie tangu shule ya msingi na kusimama naye uwanjani kila Jumamosi. Effie alikuwa akifanya kazi katika duka la mikate na pai. Mpira aliuona kama ugonjwa ambao kaka yake aliuleta nyumbani, na uchumba ulipofika mahali pa kupanga tarehe, alimwambia Wattie waziwazi.

"Siku uchague wewe. Nikichagua mimi utaniambia kuna mechi."

Wattie akachagua mwezi wa saba, ligi ikiwa likizoni, akadhani yuko salama. Kumbe asubuhi ile ile klabu ilikuwa ikimtambulisha kocha mpya. Gari la maharusi likitoka kanisani likapita mbele ya lango la uwanja, na pale langoni alikuwa amesimama kocha, Bwana Archie Pirie, peke yake na begi lake, akisubiri mtu wa kumfungulia. Wattie akamwomba dereva asimamishe. Akashuka na ua lake kifuani, akampa mkono, akamwambia kwamba mji mzima una imani naye, na kwamba kama hajala basi karamu ni ukumbi wa pili mkono wa kushoto. Kocha alikuwa hajala. Akaja, akala, akacheza na mama mkwe, akaingia kwenye picha ya familia katikati kabisa, kati ya bibi harusi na mchungaji. Mwezi wa kumi na moja akafukuzwa.

"Nimeishi na mwanamume huyu ukutani kwangu karibu miaka hamsini," Effie husema kila mgeni anapoiulizia ile picha, "na hakushinda hata mechi tatu."

Mungu aliwajalia watoto wawili, Morag mwaka 1974 na Fraser mwaka 1977. Wattie alikuwa baba mpole, mwepesi wa kucheka na mzito wa kugomba. Alimfundisha Morag kupiga randa na Fraser kupika uji wa shayiri, kwa maelezo kwamba dunia inageuka na kila mtu ajiandae. Alikuwa mzee wa kanisa kuanzia mwaka 1988. Usharika huu unakumbuka kwamba katika sala zake za hadhara hakuwahi kuitaja timu, ingawa kuna waliodhani amesita kidogo akifika kwenye maneno ya wenye kuteseka.

Jambo moja lilimhuzunisha katika miaka yake ya mwisho, na familia imeona si vyema kulificha, kwa kuwa mji mzima unalijua. Tarehe 22 Oktoba 2016 Auchterlean ilifungwa sita nyumbani na timu ya ridhaa, watu waliokuja kwa basi la kukodi wakiimba. Kipenga kilipolia, Sandy Mollison alivua skafu yake, akaifunga kwenye uzio, akamgeukia shemeji yake.

"Basi, Wattie. Mimi nimemaliza. Wamenila ujana wangu, uzee siwapi."

Wattie alidhani ni hasira za siku moja. Ikapita Krismasi, ikapita Pasaka, Sandy yuko kwenye bustani yake ya vitunguu kila Jumamosi mgongo umeelekea uwanjani. Hawakugombana. Walikula pamoja kila Jumapili na kucheka kama kawaida, lakini ikitajwa timu Sandy aliomba chumvi. Hilo lilimuuma Wattie kuliko kufungwa kokote. Alimwambia mkewe kwamba haogopi timu kushuka daraja, anaogopa kufa na kumwacha Sandy hana kitu anachokitarajia.

Maradhi yalimwanza vuli ya mwaka 2017. Mapafu yake, yaliyovuta vumbi la mbao miaka hamsini, yalichoka. Alitibiwa hospitalini Dundee, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa uvumilivu wao, hasa yule aliyekubali kumsomea matokeo ya mechi kabla ya vipimo. Mwezi Januari mwaka huu hakuweza tena kupanda ngazi za jukwaa. Wiki hiyo hiyo klabu, ikiwa mkiani kabisa mwa ligi, ilimfukuza kocha na kumleta Calum Rattray, mwalimu wa michezo mwenye miaka thelathini na mmoja, ambaye hajawahi kufundisha timu ya watu wazima. Mji ulicheka. Wattie akamwita Sandy kitandani.

"Shemeji, nina ombi moja."

"Kama ni figo, chukua. Kama ni Auchterlean, hapana."

"Nenda ukaniangalizie huyu kijana. Mechi moja tu."

"Wattie, huyo hatafika Pasaka."

"Ndiyo maana nakwambia uende mapema."

Mgonjwa hanyimwi. Sandy akaenda. Jumamosi ile alirudi akasimama mlangoni mwa chumba, koti hajavua, akasema timu imefungwa mbili na kuna baridi, akaondoka zake. Wattie akashukuru, akaomba mechi nyingine. Wiki iliyofuata Sandy alifika hadi katikati ya chumba. Ya baadaye akakaa. Ilipofika mwezi wa tatu alikuwa anavua koti kabla hajasalimia, anavuta meza ya dawa, anapanga chupa na vikombe kuonyesha beki wa kushoto alivyokuwa anaachwa peke yake na namna kijana alivyoliona hilo wakati wa mapumziko. Effie alipotaka kumpa mumewe dawa ya kifua ilimbidi aulize kwanza ni nani amecheza namba sita. Timu haikupaa, tusidanganyane. Ilimaliza ya mwisho. Lakini ilimaliza ikicheza, na ikabaki na nafasi moja ya kujiokoa, mechi mbili dhidi ya mabingwa wa ligi ya chini.

Jumamosi iliyopita, tarehe 11 Mei, Sandy alisafiri na timu kwa mechi ya kwanza, akarudi jioni na sare ya bao moja kwa moja. Wattie alikuwa dhaifu sana. Chumbani alikuwepo pia jirani, Bwana Dod Petrie, postamasta mstaafu, aliyekuja kumjulia hali, akasema kwa nia njema tu kwamba yule mwalimu wa michezo anabahatisha. Sandy akaweka kikombe chini.

"Umemwona wewe? Mara ngapi? Hukumwona hata mara moja. Kijana ana wachezaji kumi na tatu, wawili wanalipia bima ya magari yao wenyewe ili wafike mazoezini, na anawapanga utadhani ni watu! Kabahatisha? Mimi nimeona waliobahatisha miaka sitini, Dod, siwezi kukosa kuwatambua. Huyu ana kitu. Mpe muda tu. Mpe muda huyu kijana, utakuja kuniambia!"

Dod akasema samahani. Wattie alikuwa amefumba macho, na Effie akadhani amelala, mpaka alipoona anatabasamu.

"Umemsikia?" Wattie akanong'ona.

"Mtaa mzima umemsikia," Effie akamjibu.

Kesho yake, Jumapili tarehe 12 Mei 2019, saa mbili asubuhi, baada ya kunywa chai kidogo, Walter George Imrie alifariki dunia nyumbani kwake, mkewe na bintiye wakiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Aliondoka ametulia, na sisi tuliobaki tunalia, lakini hatuna la kulalamikia.

Leo jeneza lake litashushwa kwa kamba nane kama ilivyo kawaida yetu, na marehemu alizigawa mwenyewe mapema. Saba ni za ndugu na marafiki. Ya nane aliiweka kwa ajili ya kocha wa Auchterlean, na hiyo ndiyo iliyotupa taabu. Mara mbili wakati wa ugonjwa wake tuliandika jina kwenye kadi anayopewa mshika kamba, na mara zote mbili kocha akaondoka kabla ya mgonjwa. Daktari alipotuambia tujiandae, wakati wa Krismasi, Wattie alisema hawezi kufa siku zile, kocha yuko mashakani na itakuwa aibu kwa mtu kushika kamba hana kazi. Kadi ya leo ina jina la Calum Rattray, na tunashukuru kwamba bado ni sahihi.

Marehemu ameacha mjane, Effie. Watoto, Morag na mumewe Gregor, na Fraser na mkewe Lorna, waliotoka Kanada. Wajukuu, Eilidh, Struan na Catriona. Na shemeji yake, Sandy Mollison, atakayeshika kamba namba mbili, miguuni.

Mechi ya marudiano ni kesho, Jumamosi, saa tisa alasiri, nyumbani. Jana kocha Rattray alikuja kuchukua kadi yake, akafunguliwa mlango na Sandy. Kijana alikuwa amekonda kwa wasiwasi. Alisema anaona haya kupewa heshima hii leo kisha kesho awaangushe watu.

Sandy akampa kadi, akamrekebishia kola.

"Sikiliza, mwanangu. Ukifungwa kesho tunashuka, na tukishuka nitasikitika sana. Halafu Agosti, msimu ukianza, nitakuja."

Bwana ampokee Wattie wetu, na ampe raha isiyo na mwisho.