Dkt. Kunegunda Luambano, Daktari wa Nyuso Zinazocheza

Tarehe 30 Juni mwaka huu Dkt. Kunegunda Luambano anastaafu, baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na miwili. Aliingia akiwa daktari kijana mwenye sanduku moja na baiskeli. Anatoka akiwa hawezi kukatiza sokoni bila kusimamishwa na mtu anayetaka kumwonyesha jicho lake.

Amefanya kazi karibu wodi zote, lakini kilichomjengea jina ni nyuso zinazocheza. Mtu kope ikimrukaruka, wengi wetu huanza kuwaza mgeni au msiba. Dkt. Kunegunda hakuwahi kumcheka mtu kwa hilo. Alisikiliza hadi mwisho, ndipo akauliza kuhusu usingizi, kahawa na mawazo. Wengi aliwarudisha nyumbani bila kidonge, wakalale, na kope zikatulia zenyewe.

Siku moja kope yake mwenyewe ilianza kucheza wakati wa pilikapilika za kufunga mwaka. Tukamtania kwamba wageni wako njiani. Akajiandikia usingizi, akaondoka saa sita mchana, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Kesho yake wakaguzi wakatua bila taarifa. Hadi leo anasema hiyo ilitokea tu, na hadi leo hakuna anayemwamini.

Mgonjwa aliyebadilisha kazi yake ni fundi Nassoro, mshona nguo wa mtaa wa Mfaranyaki hapa mjini, ambaye ameturuhusu tumtaje. Jicho lake la kushoto lilianza kucheza kidogokidogo, kisha mchezo ukashuka hadi shavuni na kwenye pembe ya mdomo. Kwa aliyemtazama, alikuwa anakonyeza. Na kazi yake ni kuwapima wanawake magauni. Wateja wakaanza kupungua, maneno yakazagaa mtaani, na mkewe Zabibu akachukua watoto akarudi kwao Ruhuwiko. Nassoro alizunguka kwa waganga, akachanjwa chale usoni, na hali ikabaki vilevile. Alipofika kwetu alikuwa ameufunika upande mzima wa uso kwa kitambaa, na alichokiomba si dawa. Aliomba cheti cha kumwonyesha mkewe kwamba yeye si mhuni.

Dkt. Kunegunda alimpima kwa utulivu. Akamweleza kwamba mara nyingi hali hiyo hutokea mshipa wa damu unapougandamiza mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya uso, karibu na pale unapotoka kwenye ubongo. Akamwandikia pia rufaa ya kwenda Dar es Salaam kwa kipimo cha kichwa, kuhakikisha hakuna uvimbe, na haukuonekana. Cheti hakumwandikia. Alimwita Zabibu.

Zabibu alikuja amenuna, tena akiwa na dada yake. Mchana ule Nassoro alikuwa amepitiwa na usingizi kwenye kitanda cha uangalizi. Daktari akamwekea Zabibu kiti pembeni, akamwomba amtazame tu mumewe. Mimi, muuguzi wa zamu, nilikuwa nabadilisha mashuka kitanda cha jirani. Nassoro alikuwa amelala fofofo, anakoroma, na lile shavu likaanza kuruka, jicho likajikunja, likaachia, likajikunja tena. Zabibu alimwinamia akamtazama. Kisha akasema taratibu, "Sasa hapo anamkonyeza nani?" Akajifuta machozi kwa pembe ya khanga. Jioni ile alimrudisha mumewe nyumbani, na watoto wakafuata.

Ugonjwa ulikuwa bado upo. Vidonge vilimpunguzia kidogo tu, tena vikamfanya asinzie kwenye cherehani. Dkt. Kunegunda alimweleza wazi kwamba iko sindano ya kulegeza misuli inayosaidia zaidi, ila wakati ule hapa kwetu hapakuwa na mtu wa kuichoma. Watu wengine wangeishia hapo. Yeye aliomba ruhusa, akaenda Dar es Salaam kujifunza akiwa na miaka zaidi ya hamsini, amekaa darasani na vijana wa umri wa wanawe. Alirudi na ujuzi, akasumbua ofisi zote hadi likapatikana friji la kutunzia dawa.

Nassoro alikuwa wa kwanza kuchomwa. "Hii haiponyi, fundi, inatuliza," alimwambia. "Baada ya miezi mitatu au minne itabidi urudi." Alimwonya pia kwamba mdomo unaweza kulegea kwa muda, na kweli, kwa wiki chache chai ilimchuruzika kidogo. Lakini uso ulitulia. Wateja walirudi, na wengine wao ni wafanyakazi wenzetu.

Leo kliniki hiyo inapokea watu kutoka Mbinga, Namtumbo na Tunduru. Dkt. Evaline, aliyefundishwa na mama huyu kwa uvumilivu na ukali kidogo, ndiye anayechoma sindano sasa. Sote tumekaririshwa somo lake moja: uso unaocheza unaweza kusubiri kliniki, lakini uso ulioanguka upande mmoja ghafla hausubiri hata kesho, kwa sababu huenda ni kiharusi.

Kwenye kliniki ya mwisho ya Dkt. Kunegunda alikuja mama mmoja kutoka Tunduru, amejitanda khanga ikabaki jicho moja. Alikaa mwisho wa benchi. Hakuna aliyemuuliza kitu. Aliwatazama wenzake waliokaa pale wakizungumzia bei ya mbolea, mmoja shavu linaruka, mwingine jicho linajifunga, na hakuna anayejali. Kabla jina lake halijaitwa, alikuwa ameishusha khanga mabegani na kuingia kwenye mazungumzo. Dkt. Kunegunda aliliona hilo kupitia mlango uliokuwa wazi. Alitabasamu mchana kutwa.

Dkt. Kunegunda, asante kwa benchi lile. Nenda nyumbani ukapumzike, afya njema ikufuate, na sisi uliotulea tutawapokea wanaokuja kama ulivyowapokea.

Noela Ngonyani, muuguzi, kwa niaba ya wafanyakazi wote